Tangawizi mwitu: palilia kwa mkono, jembe likae mbali
Anayepanda tangawizi mwitu wa jenasi ya Aframomum kwa mara ya kwanza hutazama juu, kwenye majani, akisubiri maua. Atasubiri sana. Mashina yale marefu, ambayo hupita mita 2, hayazai kitu. Ua huchomoza chini kabisa, kwenye kikonyo kifupi kinachotoka kwenye tunguu, yaani shina nene linalotambaa chini ya udongo, mara nyingi likiwa limefunikwa na majani makavu. Tunda nalo, jekundu na lenye umbo la chupa, hukaa papo hapo ardhini. Ndiyo maana palizi moja ya jembe inaweza kufagia mavuno ambayo mwenye shamba hata hajajua kuwa yapo.

Basi, nusu mita hivi kuzunguka kichaka, ng'oa magugu kwa mkono. Matandazo ya majani makavu yatakupunguzia kazi hiyo, ila yasirundikwe juu ya vikonyo. Yainue taratibu ukitaka kukagua. Kila ua hudumu takriban siku moja tu na linategemea nyuki, kwa hiyo msimu wa maua usipulize dawa ya wadudu.

Kwa kuwa porini mmea huu hukaa kingoni mwa msitu na kando ya vijito, upe kivuli chepesi na udongo wenye mboji. Unyevu unaupenda, lakini maji yakituama, kipande cha tunguu kilichopandwa juzi huoza. Panda mvua zinapoanza: kata tunguu lenye macho 2 au 3 pamoja na shina lake, punguza majani, fukia sentimita 5 hadi 8. Acha mita 2 kati ya mche na mche. Mwanzoni utaona umepoteza eneo, lakini matunguu hutambaa. Mbegu pia huota, ila zioshe utelezi wote na uzipande zikiwa mbichi.

Vipando omba kwa mwenye shamba, usichimbe hifadhini. Na jamii ya tangawizi ni kubwa: usichukue mmea ambao hujui kwa hakika kuwa tunda lake huliwa.

Vuna tunda likiwa jekundu lote. Lizungushe mpaka liachie, usilivute, maana utang'oa na vichipukizi. Nyama nyeupe ya ndani ni tamu yenye ugwadu. Mbegu zina harufu inayokaribia iliki, zianike uzitumie kama kiungo. Ukichelewa utakuta maganda tu, maana tumbili hawasubiri mtu.