Kukagua DSLR ya bei nafuu kabla hujatoa pesa

Ukiingia duka la kamera pale Moi Avenue, Nairobi, ukauliza DSLR ya kuanzia, ile kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, muuzaji atakutajia megapikseli, yaani mamilioni ya nukta za picha, kabla hujamaliza salamu. Mwache aseme. Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote za mwaka 2018, zina megapikseli 24, na hata Canon 4000D yenye 18 itakutolea picha ya kutundika sebuleni bila aibu. Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ndiyo sehemu ambayo watengenezaji hawakuibania sana. Walikobana ni kwenye jicho la kutazamia, magurudumu ya vidole, mdomo wa lenzi na reli ya flashi. Pekua huko, maana ndiko utakakoshinda umeshika na kuchungulia kutwa nzima siku ya ruracio, sherehe ya mahari, ya mtu kule Ruaka.

Anza na mkono. Mwili wa D3500 una gramu 365 bila betri wala kadi, na bonde lake la kushikia ni refu kiasi cha kuingiza vidole vizuri. Mimi naipenda kwa hilo tu. 2000D ina gramu 475 ukishatia betri na kadi, nayo si mzigo pia. Sasa weka kamera kwenye M, ambapo unapanga kila kitu mwenyewe, uone jinsi gurudumu moja linavyofanya kazi ya mawili. Kwenye 2000D gurudumu liko mbele, karibu na kitufe cha kupigia: kidole cha shahada kinalizungusha kubadilisha kasi ya shata, lile pazia linalofungua na kufunga mwanga. Ukitaka kubadilisha tundu la lenzi linalopitisha mwanga, unabonyeza kwanza kitufe cha Av kwa kidole gumba, ukakishikilia, ndipo unazungusha. Kwenye D3500 mambo yamegeuka: gumba ndilo linalozungusha kwa nyuma, na shahada inabonyeza kitufe kilicho juu. Rudia hapo kaunta mpaka vidole vizoee, hata muuzaji akianza kukutazama vibaya. Bibi harusi akishaanza kuingia kanisani hutapata muda wa kutafuta kitufe.

Kisha jicho. Ndani ya ile nundu ya juu, kamera ghali huwa na kipande kimoja kizito cha kioo. Hizi zetu zina vioo vyembamba vilivyopangwa ili kupunguza bei na uzito, kwa hiyo ukichungulia unaona padogo na pana giza kidogo. Tena unachokiona ni asilimia 95 ya picha, kwa hiyo mkono wa mpita njia unaweza kujitokeza pembeni bila wewe kuuona. Unayevaa miwani, angalia kigurudumu kidogo kilicho ubavuni mwa jicho hilo, kile cha kulilinganisha na macho yako. 4000D haina kabisa. Mdomo wake wa lenzi nao ni plastiki badala ya chuma, na flashi yake huiinui kwa kitufe, unaivuta kwa kucha. Kwa mtu anayebadilisha lenzi kila saa, singeichukua.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Tazama reli ya juu inakochomekwa flashi ya nje. Kwa kawaida katikati pana kitone cha chuma, na ndicho kinachoiamsha flashi ya kampuni yoyote. Kwenye 2000D na 4000D, Canon walikiondoa. Flashi za bei rahisi na triga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) zinazotegemea kitone hicho pekee hazitawaka, utahitaji zile zinazozungumza lugha ya Canon yenyewe. Kama mpango wako ni studio ndogo Umoja yenye taa mbili, beba flashi yako mpaka dukani uichomeke kabla ya kulipa. D3500 ina kitone, ila pengo lake liko kwingine: mwilini hamna mota ya kusukuma fokasi, yaani kuilenga lenzi ili picha iwe kali. Lenzi za zamani za Nikon zilizoandikwa AF-D, ambazo hupatikana mtumba kwa bei tamu, zitakaa vizuri na kupiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta AF-S au AF-P, zenye mota yao wenyewe.

Video nitaipitia haraka: 2000D na D3500 zote hazina tundu la maikrofoni. Rekodi sauti kwa simu iliyo mfukoni mwa bwana harusi.

Lenzi ya milimita 18-55 inayokuja na kamera inatosha kwa mahafali na kwa jakaranda za Oktoba. Ndani ya ukumbi wa kanisa inachoka. Ukiivuta mpaka 55, tundu lake linaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ilhali lenzi ya 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Ndiyo lenzi ya pili ya kununua, kabla ya begi, kabla ya stendi ya miguu mitatu. Kumbuka sensa hizi ni ndogo kuliko filamu ya zamani, kwa hiyo 50 hiyo kwenye Canon inaona kama 80: nzuri kwa nyuso, mbaya kwa chumba kidogo chenye wajomba na shangazi wote. Gizani tumia alama ya fokasi ya katikati. 2000D ina alama 9 na D3500 ina 11, lakini kwenye zote ile ya kati ndiyo yenye uwezo kuliko wenzake.

Ukinunua mtumba, nenda na kadi yako. Weka f/22, piga karatasi nyeupe au mawingu ya Julai, kisha kuza picha. Madoa meusi yanayobaki palepale kila unapopiga ni vumbi kwenye sensa. Husafishika, lakini upunguziwe bei. Kisha ng'oa lenzi, washa tochi ya simu, uimulike kutoka nyuma huku ukiinamisha taratibu. Vumbi chembechembe si neno. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi, huo ni ukungu ulioota ndani ya kioo, na lenzi hiyo irudishe hata kama ni ya bure. Zilizokaa Pwani zikague mara mbili. Kwa Nikon, piga picha moja ubaki na faili lake: ndani yake mna hesabu ya picha zote ambazo shata imepiga, na programu za kuisoma zipo za bure. Canon hizi ndogo haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, kwa hiyo tazama mpira wa mshikio na maandishi ya vitufe yalivyofutika.

Uliza betri ni ya kampuni au ya kuiga. Ya D3500 imepimwa picha 1,550 kwa chaji moja, ya 2000D picha 500, kwa hiyo mwenye Canon atenge pesa ya betri ya pili. Mwisho pindua kamera. Nambari yake iko chini, na ndiyo itakayoandikwa kwenye risiti kabla hujafungua M-Pesa. Asiyetaka kuiandika, mrudishie kamera yake.