Namna ya kukagua wasifu wa kocha wa uongozi kabla ya kusaini mkataba

Kocha wa uongozi, yaani anayemsaidia kiongozi kukua kwa mazungumzo ya vipindi, hahitaji leseni ya serikali kama wakili au daktari. Mtu akihudhuria semina ya siku mbili anaweza kuchapisha kadi na kuanza kutafuta wateja, kwa hiyo kazi ya kuchuja ni ya ofisa rasilimali watu mwenyewe.

Anza na daraja. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, lina madaraja matatu. La chini, ACC, hudai saa 60 za masomo na saa 100 za kukochi watu. La kati, PCC, ni saa 125 na 500. La juu, MCC, ni saa 200 na 2,500. Kila daraja hudumu miaka mitatu kisha huhuishwa, hivyo angalia tarehe. Usiridhike na picha ya cheti, hakiki jina kwenye tovuti ya ICF. Wengi huandika "mwanachama wa ICF" na msomaji akadhani ni daraja, kumbe uanachama ni ada tu pamoja na masomo ya awali. Cheti cha kumaliza kozi nacho si daraja.

Halafu zigawe saa zake. Mwombe atenganishe ukocha wa mtu mmoja mmoja, ukocha wa vikundi, mafunzo ya ukumbini na ushauri. Hapa ndipo wasifu nyingi hulegea. Sentensi kama "nimejenga uwezo wa viongozi 2,000" kwa kawaida ina maana ya kumbi zilizojaa watu. Kufundisha watu 40 kutwa nzima ni kazi halali, lakini haihesabiwi kuwa ukocha. Sentensi inayopimika ingesomeka hivi: "Mameneja 14 wa matawi, vipindi 6 vya dakika 60 kwa kila mmoja, ndani ya miezi 5."

Akijiita pia mshauri wa ukuzaji wa vipaji, omba sampuli ya mpango wa kurithishana madaraka, majina yakiwa yamefutwa. Tazama safu zake: nafasi, anayeweza kuishika leo, anayeweza baada ya mwaka au miwili, pengo lake, hatua ya kuliziba, na nani anaisimamia. Safu mbili za mwisho zikiwa tupu, huyo amepanga watu kwenye jedwali, hajamkuza yeyote. Muulize pia anavyoendesha tathmini ya pande zote, ambapo bosi, wenzake na wasaidizi hutoa maoni kuhusu kiongozi mmoja bila kutajwa majina. Kundi la wasaidizi lisipungue watu watatu. Wakiwa wawili, kiongozi huyo atajua nani kasema nini, na mwaka unaofuata hakuna atakayesema kweli.

Wadhamini wawili wa kuulizwa kuhusu kazi yake wanatosha: mmoja aliyelipia ukocha, mwingine aliyekochiwa na kuridhia kutajwa. Kocha anayekusimulia matatizo ya mkurugenzi fulani ili kukuonyesha ukubwa wa wateja wake, mkatae hapo hapo. Ya kwenu atayasimulia kwingine.

Mwisho, omba kipindi cha majaribio cha dakika 30 na meneja mmoja, kisha muulize meneja huyo nani aliongea zaidi. Kama ni kocha, mmepata mshauri au mhadhiri. Akifaulu, andikeni kwenye mkataba taarifa ambazo mwajiri atapewa: mahudhurio na malengo yaliyokubaliwa, bila maongezi ya ndani ya kipindi. Kocha, meneja na mwajiri wasaini wote watatu kabla ya kipindi cha kwanza.