Somo: kupima hewa ya chini kule kwenye barafu kwa droni, hatua kwa hatua

Salaam jamaa. Wengi mmenijia inboksi kuhusu hizi droni za kwenye ncha za dunia kwa hivyo naandika lote hapa, maswali tuulizane chini.

Kwanza jueni twatafuta nini. Hapa Mombasa mchana ukipanda juu hewa yapoa, sivyo? Kule Antaktika msimu wa giza ni kinyume, jua halichomozi, theluji yapoteza joto lake angani usiku na mchana na joto la chini haliwezi kuipenya, basi hewa inayoigusa yawa baridi kuliko iliyo juu yake. Kule kwenye uwanda wa juu tofauti yaweza kupita digrii 20 ndani ya mita mia chache tu. Hewa hiyo nzito yalala pale chini, haichanganyiki. Sasa puto la hali ya hewa lapanda kama mita 5 kwa sekunde, yaani mita 100 za mwanzo zimekwisha kwa sekunde 20, na vituo vingi vyarusha puto mara mbili tu kwa siku. Droni yaweza kupita hapo taratibu ikarudia kila baada ya muda mfupi.

Hatua ya 1, chombo. Wataka kwenda mbali, chukua ya mabawa. Septemba 2009 timu ya John Cassano wa Chuo Kikuu cha Colorado ilirusha Aerosonde, droni ndogo ya mabawa, kutoka McMurdo, kituo cha utafiti cha Marekani huko Antaktika, mpaka ghuba ya Terra Nova Bay kuufuata ule upepo mkali unaoteremka kutoka juu ya barafu kuingia baharini. Wataka kupanda wima mahali pamoja, chukua ya propela nne au sita.

Hatua ya 2, sensa, yaani kile kifaa cha kupimia joto la hewa. Hapa msikimbie, ndipo kazi ilipo. Usiifunge karibu na mota wala betri, utapima joto la droni yako mwenyewe. Iweke mahali inapopata hewa safi inayopita, na msimu jua likiwapo uikinge nalo, maana theluji yarudisha mwanga kutoka chini pia, kwa hivyo kifuniko cha juu peke yake hakitoshi.

Hatua ya 3, baridi. Betri ya lithiamu ikipoa nguvu yashuka vibaya, iweke kwenye joto mpaka dakika ya kuruka. Sensa nayo ni kinyume, itoe nje mapema izoee, ukiitoa kwenye hema lenye hita ukarusha hapo hapo mita za kwanza zote ni uongo.

Hatua ya 4, panda polepole. Piga hesabu nami: sensa yako yachelewa sekunde 5 kulihisi joto, ukipanda mita 5 kwa sekunde umeshakosea mita 25, na tabaka lenyewe la hewa baridi pengine lina mita 50. Panda mita 1 kwa sekunde, kosa labaki mita 5.

Hatua ya 5, kushuka. Propela zasukuma hewa chini na droni yashukia humo humo ndani ya hewa iliyovurugwa, ndio maana wengi waamini zaidi data ya kupanda.

MASWALI

Fundi wa Kisauni: Kaka, dira yafanya kazi huko?
– Yasumbua sana. Karibu na ncha ya sumaku nguvu ya sumaku yaelekea chini zaidi kuliko pembeni, dira yababaika. Wengine wafunga antena mbili za GPS ili droni ijue imeelekea wapi.

Mama Rayyan: Propela haziwezi kuganda?
– Zaganda dada, hasa kwenye ukungu wenye matone baridi ambayo hayajawa barafu. Ukiona mota zala umeme mwingi kuliko kawaida na droni yapanda kwa shida, irudishe.

Bin Likoni: Twaweza kujaribu hapa Nyali?
– Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, kwanza, na uwanja wa ndege hauko mbali. Halafu bahari yetu ni ya moto usiku kucha, tofauti utakayoipata ni ndogo. Mwenye jamaa huko bara upande wa Voi, usiku usio na mawingu wala upepo, simamisheni mlingoti mrefu, thamomita moja karibu na ardhi nyingine kileleni, zote mbili zikingwe sawa, mwandike vipimo kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Nileteeni tuvichore pamoja.