Kabla Hujaanza Kujifunza Jinsi Ndege Inavyoruka

Wengi huanza somo hili na tarehe: 17 Desemba 1903, ndugu Wilbur na Orville Wright na ndege yao ya injini, sekunde 12 angani. Wakishaikariri, wanaona wamelimaliza. Mimi nakuomba uanze na kipande cha kadibodi. Toka nje siku yenye upepo, kishike kikiwa bapa, halafu uinue kidogo ukingo unaoelekea upepo. Utakisikia kikipanda, na papo hapo kikirudishwa nyuma. Uinue zaidi na zaidi: itafika mahali hakipandi tena, kinasukumwa nyuma tu. Hapo mkono wako umeshaonja kani ya kuinua na ukinzani wa hewa. Ongeza uzito na msukumo wa injini, na kani nne za somo zima zimetimia.

Pili, jiandae kuacha maelezo ambayo huenda ulifundishwa shuleni, kwamba hewa ya juu ya bawa ina safari ndefu, kwa hiyo hukimbia ili ikutane na mwenzake wa chini kule nyuma. Hakuna kinachoilazimisha kukutana naye, na vipimo vinaonyesha kwamba ya juu hutangulia kufika. Tena kindege cha karatasi kina mabawa bapa na bado kinaelea. Bawa huigeuza hewa ielekee chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, juu ya bawa huwa dogo kuliko chini yake. Kama umewahi kupanda jahazi linalobisha, yaani linalokwenda kimshazari kuukabili upepo, umeshaliona jambo hili kwa macho. Tanga lililotuna halisukumwi tu kwa nyuma, maana chombo kinasonga kuelekea upande upepo unakotoka. Ni bawa lililosimamishwa wima.

Uwe na daftari na kikokotoo pia, kwa sababu kumbukumbu za zamani zimeandikwa kwa futi na maili. Usizipite hesabu hizo. Safari ile ya kwanza pale Kill Devil Hills, North Carolina, Marekani, ilikuwa ya futi 120, yaani kama mita 36. Gawa kwa sekunde 12 upate mita 3 kwa sekunde, kasi ya mtu anayekimbia polepole. Mtu akiishia hapo atadharau. Lakini ndege ilikuwa ikiukabili upepo wa karibu kilomita 40 kwa saa, na bawa halijui kasi ya ardhini, linajua kasi ya hewa inayolipita tu. Jumlisha, na unafika karibu kilomita 50 kwa saa. Siku hiyohiyo, safari ya nne ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260.

Ukitazama picha ya ndege ile, usifikiri inarudi nyuma. Kiusukani cha kupandia na kushukia kilikuwa mbele, na rubani alilala kifudifudi.

Katika historia, anzia mbali kidogo. George Cayley wa Uingereza alitenganisha suala la kuinua na suala la kusukuma tangu 1799. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka mara zipatazo 2,000 kwa vyombo visivyo na injini, akivielekeza kwa kuyumbisha mwili wake, mpaka alipoanguka Agosti 1896 na kufariki kesho yake. Kifo hicho ndicho kinachofungua swali kubwa: ndege inatawaliwaje ikiwa angani? Akina Wright walikuwa mafundi baiskeli mjini Dayton, nao walijua kwamba baiskeli haisimami yenyewe, mwendeshaji ndiye anayeisawazisha kila dakika. Wakabuni namna ya kuyapinda mabawa kwa kamba ili rubani aisawazishe ndege. Mwanasayansi Mmarekani Samuel Langley, aliyejaribu naye kurusha ndege ya injini, alikuwa na fedha za serikali na injini ya nguvu farasi 52, lakini chombo chake kilitumbukia mto Potomac mara mbili, mara ya mwisho siku tisa tu kabla ya safari yao. Injini ya akina Wright ilikuwa na nguvu farasi 12 hivi.

Mwaka nisiotaka uuruke ni 1901. Chombo chao kiliinua kidogo sana kuliko hesabu zilivyoahidi. Wakarudi nyumbani, wakatengeneza kasha la mbao la urefu wa mita 1.8 lenye feni, na mizani iliyoundwa kwa spoku za baiskeli na vipande vya misumeno ya chuma. Humo walipima maumbo ya mabawa yanayokaribia 200. Kigawo cha kukokotoa kani ya hewa kilichotumiwa na watu kwa miaka mingi, 0.005, kilikuwa kikubwa mno. Cha kweli kinakaribia 0.0033. Kwangu mimi, huo ndio moyo wa habari yote. Walipoona takwimu na upepo havipatani, walipima upya wenyewe.

La mwisho, ingia na swali lako mwenyewe. Ndege ileile, yenye mzigo uleule, huhitaji njia ndefu zaidi kupaa Nairobi kuliko Mombasa, na mchana wa jua kali zaidi ya alfajiri. Andika leo kwenye daftari unavyodhani ni kwa nini, acha nusu ukurasa mtupu chini yake, ndipo ufungue kitabu.