Kufundisha ukosefu wa usawa kwa hesabu na hip hop

Somo hili linawafaa wanafunzi wa sekondari waliokwisha kujifunza uwiano. Walimu wengi huanza na wimbo, wakajadili malalamiko yaliyomo, kisha hesabu ikabandikwa mwishoni kama kiraka. Ni afadhali hesabu itangulie, ili mwanafunzi anaposhika kalamu kuandika mistari awe tayari ana jambo la kusema.

Utangulizi uwe mfupi. Hip hop ilizaliwa Bronx, New York, na sherehe aliyopigia muziki DJ Kool Herc tarehe 11 Agosti 1973 ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wake, katika eneo ambalo makazi ya maelfu ya watu yalikuwa yamebomolewa kupisha barabara kuu ya Cross Bronx.

Kisha andika ubaoni sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1986: aliyepatikana na hatia ya kuuza gramu 5 za kokeini ya vijiwe (crack, yaani ya vipande vigumu vya kuvutwa) alifungwa angalau miaka 5, ilhali muuzaji wa kokeini ya unga alifikia kifungo hicho kwa gramu 500. Waambie wanafunzi watafute kila gramu ina siku ngapi za kifungo katika viwango hivyo. Watapata siku 365 kwa gramu moja ya vijiwe na siku 3.65 kwa ya unga, yaani uwiano wa 100 kwa 1. Hapo ndipo uwaeleze kwamba vijiwe hupikwa kutokana na unga uleule, na kwamba wengi mno wa waliofungwa kwa ajili ya vijiwe walikuwa Wamarekani Weusi. Tahadhari moja: hicho ni kiwango cha chini tu, hivyo wasidhani kwamba kifungo kilipanda sawasawa kwa kila gramu iliyoongezeka.

Mwaka 2010 kiwango cha vijiwe kilipandishwa hadi gramu 28. Gawanya 500 kwa 28, utapata 17.86, ambayo hukadiriwa kuwa 18. Waulize kwa nini uwiano huo haukushushwa hadi 1, na uwape muda wa kubishana. Mjadala huu hustahili nusu ya kipindi.

Mwishowe kila kikundi kiandike ubeti wa mistari 16. Kila mstari una mapigo 4, jumla 64, na kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika ubeti utachukua takribani sekunde 43, kwa hiyo hakuna nafasi ya maneno ya kujazia. Katika kusahihisha, vina na mtiririko vipewe alama zao, lakini ubeti unaoutaja uwiano wa 100 kuwa wa baada ya 2010 urudishwe ukarekebishwe kabla ya kughaniwa.