Jinsi ya kutoa na kupokea maoni juu ya picha nyeusi na nyeupe, hatua kwa hatua

Maoni mengi juu ya picha nyeusi na nyeupe hayamsaidii mpiga picha kwa sababu hayasemi ni wapi. "Iko poa." "Imekosa mvuto." "Kontrasti ndogo," yaani weupe na weusi havitofautiani vya kutosha. Akirudi kwenye programu ya kuhariri, hajui aanzie wapi. Rangi ikishaondoka, picha inabebwa na mwanga, kivuli na daraja za kijivu zilizo kati yake, na kila kimoja kina mahali pake ndani ya fremu. Maoni yenye faida hupataja mahali hapo.

Tuchukue mfano mmoja: mzee mwenye kanzu nyeupe ameketi barazani Mji Mkongwe, Unguja, saa nne asubuhi. Nyuma yake kuna ukuta wa chokaa, pembeni mlango wa mbao. Ni picha inayopigwa sana, na ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana ngozi nyeusi, nguo nyeupe na ukuta mweupe vimekutana.

Hatua ya 1: Andaa picha kabla ya kuituma

Tuma picha moja, zisizidi tatu. Upande mrefu uwe na pikseli 2000 hivi, kwa mfumo wa rangi wa sRGB. Kwenye WhatsApp itume kama hati. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na vivuli laini hugeuka mabaka. Andika sentensi mbili: ulitaka mtazamaji aone nini, na umekwama wapi. Taja kama faili la awali ni RAW (data yote ya kamera bila kubanwa wala kuhaririwa) au JPEG (faili la kawaida lililobanwa). Weka na nakala ya rangi, lakini mwombe mtoa maoni asiifungue hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Mtoa maoni, kagua kioo cha simu yako kwanza

Zima mwangaza unaojirekebisha na ile hali ya usiku inayotia kioo umanjano. Weka mwangaza katikati, kaa mbali na jua. Kisha tengeneza visanduku 11 vya kijivu, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa, kila kimoja kikipanda kwa 25 hivi hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Kama visanduku viwili vyeusi zaidi vinaonekana kimoja, usiseme lolote juu ya vivuli vya mtu. Tatizo huenda ni simu yako.

Hatua ya 3: Tazama bila kusema

Nusu dakika inatosha. Punguza picha iwe ndogo kama stempu, fumba macho nusu, uone jicho linaangukia wapi kwanza. Kwenye nyeusi na nyeupe jicho hukimbilia penye weupe mkali au pale weupe na weusi vinapogusana. Kwa mzee wetu, mara nyingi linatua begani, jua linapopiga kanzu, badala ya usoni. Hilo liandike kabla ya jingine lolote.

Hatua ya 4: Pima weupe, weusi, kisha ngozi

Wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer, Marekani, kati ya 1939 na 1940, waligawa mwanga katika kanda 11, kutoka 0 hadi 10, ya 5 ikiwa kijivu cha katikati. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kila kinachoelekezewa ni hicho kijivu. Ndiyo maana kanzu ikijaa kwenye fremu kamera hupunguza mwanga, na kanzu inatoka ya kijivujivu na uso unazama. Uso mweusi ukijaa, kamera huongeza mwanga, ngozi inapauka kama imepakwa majivu na kanzu inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu isiyo na mikunjo.

Fungua histogramu, ule mchoro kwenye programu ya kuhariri unaoonyesha picha ina kiasi gani cha kila daraja, weusi ukiwa kushoto na weupe kulia. Ikiwa imegonga ukuta wa kulia, tafuta ni sehemu gani imeungua. Kanzu yenye mikunjo inayosomeka huwa kati ya 220 na 240 hivi. Ikifika 255 hakuna uzi unaobaki kuokolewa. Ndani ya mlango panaweza kuwa peusi kabisa bila kosa lolote, ilimradi hakuna kitu cha maana humo.

Ngozi ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu. Ngozi nyeusi hukaa vizuri kanda ya 3 hadi ya 5, kutegemea mtu na mwanga, na haitakiwi kuwa na kijivu kimoja. Angalia paji la uso, shavu la upande wa jua, shavu la kivulini, kona ya jicho. Je, kila kimoja kinatofautiana na jirani yake? Ushauri wa "mng'arishe ili aonekane" ni mbaya, na unatolewa ovyo mno. Uso unasomeka kwa mng'ao wa shavu na kivuli kilicho kando yake. Ukiung'arisha wote kwa mkupuo unafuta tofauti hiyo, na midomo inapotelea usoni. Shauri aongeze mwanga kwenye ule mng'ao peke yake, au apunguze weupe wa ukuta ulio nyuma ya kichwa.

Hatua ya 5: Sasa fungua nakala ya rangi

Hapa ndipo sababu nyingi hujitokeza. Katika ubadilishaji wa kawaida, kijani huchangia karibu asilimia 59 ya kijivu, nyekundu 30, buluu 11. Kanga nyekundu yenye thamani za 200, 30, 30 (nyekundu, kijani, buluu, kila moja kati ya 0 na 255) inakuwa kijivu cha 81. Jani la mgomba lenye 50, 105, 40 nalo linakuwa 81. Kwenye rangi vilipigana, sasa vimeungana. Dawa yake si kontrasti ya picha nzima. Ni kupandisha nyekundu au kushusha kijani kwenye vidhibiti vya rangi.

Anga nyeusi kupita kiasi? Tazama ukingo wa paa. Mstari mweupe unaofuata ukingo na chembe zilizotapakaa angani ni dalili kwamba buluu imeshushwa mno. Kama faili ni JPEG, lenye daraja 256 tu kwa kila rangi, anga hukatika ngazi ngazi mapema zaidi kuliko RAW.

Hatua ya 6: Andika maoni

Taja mahali, athari, sababu unayoidhani, na jaribio moja. Kwa mfano: "Bega la kulia linavuta jicho kabla ya uso. Nadhani kanzu imefika 255 pale. Jaribu kushusha weupe wa bega peke yake, kisha linganisha." Mambo mawili au matatu yanatosha. Taja pia kinachofanya kazi, kwa usahihi uleule, la sivyo mwenzako atakiharibu akirekebisha vingine.

Hatua ya 7: Ukiwa mpokeaji

Soma yote kabla ya kujibu, na usianze kueleza jua lilivyokuwa kali siku hiyo. Asiyetaja mahali, muulize: "Ni sehemu gani hasa?" Watu wawili wakitoa tiba zinazopingana kwa sehemu moja, mmoja akisema ongeza mwanga na mwingine akisema kata, iamini sehemu na uzitilie shaka tiba. Pale pana tatizo. Dawa uitafute mwenyewe. Pendekezo linalokwenda kinyume na zile sentensi zako mbili za mwanzo, lipokee kwa shukrani na uliache.

Fanya badiliko moja kwa kila nakala. Kama picha inaelekea kuchapishwa, chapisha kipande kidogo cha uso na kanzu kwanza, kwa kuwa karatasi huonekana yenye giza kuliko kioo. Waliochapisha kwenye chumba cha giza wasubiri karatasi ikauke, kwani ikiwa imelowa huonekana nyeupe kuliko itakavyokuwa ikikauka.

Halafu mrudishie mtoa maoni nakala ya zamani na mpya, zikiitwa A na B, bila kumwambia ipi ni ipi mpaka achague.