Kusoma cheti cha mionzi cha maziwa ya unga

Mama mmoja mwenye duka la jumla Kikuubo, Kampala, alitumiwa na muuzaji wa ng'ambo cheti cha maabara kinachoonyesha kiasi cha mionzi kwenye maziwa ya unga, kimejaa namba, maelezo hakuna. Hivi ndivyo tulivyokisoma.

1. Dai PDF ya maabara yenyewe. Picha ya WhatsApp iliyokatwa pembeni mimi siipokei.

2. Namba ya bechi kwenye cheti ilingane na ya kwenye mifuko.

3. Tazama matokeo, yawe kwa bekereli kwa kilo (Bq/kg), kipimo cha ukubwa wa mionzi. Alama "<" mbele ya namba maana yake mashine haikugundua kitu kinachofikia namba hiyo. Potasiamu-40 iruke: ni ya asili, imo hata kwenye matoke na maharage, na viwango vya hatua ya 4 havikuwekwa kwa ajili yake.

4. Linganisha na Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), kiwango CXS 193-1995, sehemu yake ya mionzi, iliyowekwa kwa vyakula vya biashara ya kimataifa vilivyochafuka baada ya ajali ya nyuklia. Kwa kila elementi ya mionzi, kwa Bq/kg: sesiamu-134 na 137: 1000. Strontiamu-90 na iodini-131: 100. Plutonio-239: 10, ila chakula cha watoto wachanga ni 1 tu.

Usikimbilie kulinganisha, maana hapa ndipo muda wote huishia. Viwango hivyo ni vya chakula kilicho tayari kuliwa, ilhali maabara mara nyingi hupima unga mkavu. Soma kwanza kilichopimwa ni kipi. Kama ni unga, chukua kipimo cha kukoroga kilichoandikwa kwenye pakiti yako, si cha pakiti nyingine. Tuseme kilo 1 ya unga kwa kilo 7 za maji: unagawanya kwa 8, si kwa 7, kwa sababu unga nao umo ndani ya maziwa. Unga wa 240 unakuwa maziwa ya 30. Kisha jumlisha sesiamu zote mbili, ziko kundi moja. Strontiamu usiichanganye humo, ina kundi lake. Kikokotoo cha simu kinatosha. Excel ya mtu mwingine huficha makosa.

Ukiambiwa "tumekidhi kiwango cha Japani", uliza kipi: tangu Aprili 2012 sesiamu kule ni 50 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga, 100 kwa vyakula vya kawaida, 10 kwa maji ya kunywa. Kwa maziwa ya watoto, mimi hupendelea hiyo 50.

5. Namba ikikutia shaka, usifungue mfuko. Andikia UNBS (Shirika la Viwango la Uganda) kuhusu ubora wa bidhaa na Baraza la Nishati ya Atomiki kuhusu mionzi, ukiambatanisha cheti pamoja na hesabu yako.